Kilo ya Hamsini

Msimu wa karafuu, nilikaa kituoni,
Vumbi chini, bati juu, na kitabu mapajani,
Watu waja kwa miguu, na magunia kichwani,
Natazama mshaleni, naandika, ninalipa.

Nawajua kwa mikono, kucha nyeusi za mti,
Mmoja ana mshono, kaanguka kama kuti,
Hawaniulizi neno, namba yangu ndiyo hati:
Nikisema, hawasiti, noti huzitia kwapa.

Tuliletewa saruji, Jumatatu ya kufunga,
Sakafu hunyonya maji, ikabidi kuijenga.
Mchezo, si uhitaji, mfuko nikaupanga:
Mshale ukajivunga, hamsini ukakwepa.

Arubaini na tisa! Nikashusha kwa juhudi,
Nikapapasa papasa, nikagonga kama hodi,
Namba ni ile kabisa, kilo moja hairudi.
Wiki tatu: ni idadi gani niliowalipa?

Mkuu wangu, Khatibu, akaufunga mlango,
Akasema kwa adabu, “Sikiliza, tuna lengo.
Ukitangaza hesabu, utabomoa mpango,
Wote wageuze shingo, magendo yatanenepa.”

Khatibu si mla rushwa, tangu nilipomjua;
Zahanati yaendeshwa kwa pesa tunazotua,
Mama wanapozalishwa, taa ndizo hununua.
Neno sikulitegua, na bado nikaogopa.

Mpakizi wetu, Ussi, kanena: “Kuna kanuni,
Andika hati upesi, ipelekwe Wilayani,
Ukisha, huna mkosi, deni si lako shingoni.”
Raha hiyo natamani, kuandika na kutupa.

Mke wangu, naye, Time, akikuna nazi yake,
Akaniuliza: “Mume, kilo zote unitwike?
Ada za wana tuzime, kwa kosa la chuma chake?”
Swali halina makeke, likanigota mfupa.

Usiku nikakumbuka gunia lake Bi Mize:
Makonyo aliyaweka katikati, ayauze.
Niliona, nikataka mzigo niupunguze;
Nikasema ninyamaze, mjukuu yu mifupa.

Kilo moja ya makonyo nilimwachia kwa siri;
Mizani, pasipo onyo, ikamtoza ya shari.
Zafutana? Ni upenyo wa kutorokea shwari.
Hata saa ya fajiri, shukani natapatapa.

Nikamwendea Msuka, akanivutia kiti,
Kilo yake nikaweka mkekani, kwa manoti.
Akatazama, kacheka, kisha kwa ndogo sauti:
“Makonyo, nayo, hufuti? Uliona, ukalipa.

“Mimi nawe tuko sawa, mwizi kapunjwa na mwizi.
Ila yule Mwanahawa, huchambua kama uzi,
Konyo moja halijawa kwake, si jana si juzi:
Yeye nani amjazi, sisi hapa tukihepa?”

Sikuwa na la kujibu. Chai ikanipoea.
Nilikuwa nahesabu mema yatayotokea;
Huruma nayo, ajabu, nimwonaye humwendea:
Mnyamavu hungojea, na hajui twamkopa.

Kumi na sita mizani mshororo huzibeba;
Msomaji, kidoleni, hesabu hata kushiba.
Huu hapa una deni, moja nimeiiba.
Ulihisi kama mwiba, ama ulipita hapa?

Sasa nakwenda kwa zamu, kwa kitabu, nyumba nyumba,
Mia na saba wa humu, Msuka mpaka Shumba.
Khatibu hanilaumu, macho tu ameyafumba.
Taa ya mama wa mimba, itazimwa? Sijaapa.

Nimeuza ng'ombe wangu wa maziwa, na redio;
Zimetosha nusu fungu, nusu bado, ndiyo mbio.
Time ageuza chungu, hasemi, wala kilio.
Au ni majivunio, wema ninaojilipa?

Mwanahawa kapokea noti, akazigeuza,
Jua limemwelekea, jamvi akilitandaza.
“Kilo ilipopotea, nilimshuku Faiza,
Mwanangu, nikamliza: hilo nani atalipa?”